Basi la Ramallah

Kutoka Lango la Damascus, Jerusalem, mpaka Ramallah ni kilomita 15 hivi. Kwa mtu wa Dar hiyo ni Posta mpaka Kimara. Wenzangu wa ziara ya Al-Aqsa walikuwa wanahangaika na zawadi, tasbihi na mafuta ya zeituni, nami nikasema sirudi Tanga bila kuuona mji ambao redio zetu hutaja kila zikitaja Mamlaka ya Wapalestina. Ilikuwa 2022. Nikapanda basi.

Nilikaa kando ya bwana mmoja wa miaka thelathini na kitu, mkoba mapajani, akaniita "ya hajj". Makka sijafika, lakini mvi zilikuwa zimenipa cheo nami sikukikataa. Kiarabu changu cha madrasa kinajua mambo ya akhera kuliko ya barabarani, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Tukakutana kwenye maneno ambayo sisi wa pwani tuliyakopa zamani: haki, siasa, raia, dola. Nilipotamka "dola" akacheka. "Dawla? Wapi?"

Basi halikusimamishwa Qalandia, kizuizi cha askari wa Israel. Ukitoka Jerusalem hakuna anayekuuliza. Maswali yanakungoja kwenye kurudi. Ukuta ulitupita dirishani, zege la kijivu, mahali pengine linafika mita 8. Ulianza kujengwa 2002, wakati wa Intifada ya pili, yaani uasi wa Wapalestina, na Israel husema ni kinga dhidi ya washambuliaji wa kujitoa mhanga. Mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuujenga ndani ya ardhi ya Wapalestina inayokaliwa kwa mabavu ni kinyume cha sheria. Maoni yapo, ukuta nao upo.

Jirani yangu alikuwa anashuka mtaa wa Kafr Aqab, akanishika mkono: kahawa kwanza. Nikashuka.

Mkewe alileta kahawa ya iliki kwenye vikombe vidogo kama vya barazani kwetu. Mume akaweka vitambulisho viwili mezani, kimoja chenye jalada la samawati, chake, cha mkazi wa Jerusalem. Kingine cha kijani, cha mke, mtu wa Nablus. Akavisogeza mpaka vikagusana. "Ndoa yetu hii," akasema.

Mke haruhusiwi kulala Jerusalem, hata kuingia, bila kibali. Mume akihamia Nablus, Israel itahesabu kwamba kitovu cha maisha yake si Jerusalem tena, na atapoteza ukazi wa mji aliozaliwa. Tangu 1967 Wapalestina zaidi ya 14,000 wamepokonywa hivyo. Kafr Aqab imebaki kuwa upenyo: kwenye ramani imo ndani ya mipaka ya manispaa ya Jerusalem, ila ukuta umeiacha nje. Kwa hiyo mume anahesabiwa yuko Jerusalem, na mke anafika bila kupita kizuizi. Ndiyo maana maghorofa yamebanana kama kuni kwenye tita. Kodi ya majengo wanailipa manispaa. Takataka niliziona zikifuka moshi kando ya barabara. Polisi wa Kipalestina hawaruhusiwi kufanya kazi pale, na wa Israel, walivyoniambia, huwaoni ukiwahitaji.

Nikauliza, na viongozi wenu? Mume akanyamaza. Mke ndiye aliyejibu, na hakuwa na huruma. Uchaguzi wa mwisho wa bunge ulifanyika 2006, yeye akiwa bado shuleni. Chama cha Hamas kikashinda, 2007 kikapigana na Fatah, chama cha rais, Gaza ikabaki kwa Hamas na Ukingo wa Magharibi kwa Fatah. Rais mwenyewe, Mahmoud Abbas, alichaguliwa 2005 kwa miaka minne, na bado yupo. Kura ikapangwa Mei 2021, mke akajiandikisha. Aprili rais akaahirisha, akisema Israel haijakubali watu wa Jerusalem Mashariki wapige kura. "Ni kweli Israel haikukubali," akasema mama yule. "Na ni kweli pia kwamba rais alishukuru."

Mamlaka yao wanaiita Sulta tu. Neno lile lilinipeleka moja kwa moja kwa masultani wa Zanzibar chini ya Mwingereza: bendera ipo, kasri lipo, mizinga ya saluti ipo, na mwenye kauli yuko kwingine. Sulta ina mawaziri na pasipoti, lakini ushuru wa forodha hukusanywa na Israel, ambayo huzuia sehemu ikiona vyema. Mikataba ya Oslo, ya Israel na Wapalestina, iliigawa ardhi mafungu matatu, A, B na C, iwe kwa muda wa miaka mitano. C, karibu asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi, mpaka leo iko mikononi mwa Israel kabisa.

Ramallah yenyewe niliiona mbio mbio. Sanamu ya Mandela, zawadi ya jiji la Johannesburg, mkono juu. Kaburi la Arafat, kiongozi wao wa zamani, waliolijenga wakitaraji siku moja ahamishiwe Jerusalem. Mlima wa pili, paa nyekundu za walowezi wa Kiisraeli wa Psagot, karibu kiasi kwamba unaziona nguo zilizoanikwa.

Kurudi, basi lilisimama Qalandia na vijana wakashuka. Dereva akaniashiria nibaki, mzee na mgeni. Nikashuka nao. Vyuma vya kuzunguka vinapitisha mtu mmoja mmoja, na vikigoma unabaki katikati umekumbatia mfuko wako. Askari nyuma ya kioo, binti wa umri wa mjukuu wangu, akafungua pasipoti yangu. "Tanzania! Zanzibar ni ghali mwezi wa Agosti?" Nikamwambia Agosti bei hupanda. Akanirudishia.

Nyuma yangu fundi mmoja, saruji imemkaukia kwenye viatu, aliweka kadi yake kwenye mashine. Taa nyekundu. Akaifuta kadi kwenye suruali, akaiweka tena.