Intaneti kwenye soketi ya umeme

Chumba ninachofanyia kazi kiko uani, na waifai ya sebuleni ikifika huku imeshachoka, kistari kimoja tu, mara kimepotea. Kutoboa ukuta nipitishe waya, baba mwenye nyumba hataki hata kusikia. Nikanunua zile adapta mbili zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme za nyumba. Moja unaichomeka jirani na ruta na kuiunga kwa kebo, ya pili chumbani. Basi.

Boksi limeandikwa kasi ya Mbps 600, yaani megabiti kwa sekunde. Nikapima: 7! Nikaanza kumsema muuzaji, kumbe mwenye kosa ni mimi. Ile ya sebuleni nilikuwa nimeichomeka kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme, na kinga hizo huchuja mawimbi yanayobeba intaneti kana kwamba ni uchafu. Nikang'oa, nikachomeka ukutani moja kwa moja. 84. Hiyo 600 ya boksini sahau, lakini 84 kwangu ni sherehe.

Mke wangu akiwasha blenda inashuka hadi 40, kwa hiyo mikutano yangu sasa inafuata ratiba ya juisi.

Jirani wa ukuta wa pili akataka tuchangie intaneti. Tulijaribu, adapta hazikuonana kabisa. Yeye ana mita yake ya LUKU, nyaya zake mbali na zetu. Hata hivyo nilibonyeza kitufe cha kuoanisha, zangu zitambuane zenyewe tu.

Umeme ukikatika? Narudi kwenye bando la simu kama zamani.