Gari yangu ya chungwa: bei ya yadi na bei ya mtu wake

Wiki hii nimezunguka yadi za kuuza magari mpaka miguu imeniuma, na kuna kitu nataka nikiandike kikiwa bado moto kichwani. Gari ya rangi kali inachokula ni muda, na ukienda kufanya tredi-in, yaani umpe mwenye yadi gari yako na pesa juu akupe nyingine, ule muda wote unaulipa wewe mwenye gari, siku hiyo hiyo, kabla hata hujakaribishwa kiti.

Gari yenyewe ni Nissan Note ya 2017, cc 1200, rangi ya chungwa. Na si chungwa ya watu kuulizana ni chungwa au ni kahawia, ni chungwa kabisa, Nissan waiita Premium Corona Orange, ilikuja na ile Note waliyoibadilisha sura mwisho wa 2016. Mimi hii rangi naipenda, niliichagua nikijua nachagua nini na mpaka leo nikiitoa asubuhi ikapigwa na jua roho yangu yafurahi. Ila mamangu magoti yamemsumbua sana mwaka huu, kuingia na kutoka kwenye Note imekuwa kazi, na watoto wakiwa ndani twabanana, kwa hivyo twataka Toyota Sienta, ile ya mlango wa kuslaidi, sakafu iko chini mtu mzima aingia bila kuinua mguu sana. Ndo nikasema wacha nipeleke Note, niongeze pesa, nichukue Sienta, mambo yaishe.

Yadi ya kwanza Ganjoni, hapa Mombasa. Mwenyewe akatoka, akaizunguka gari mara moja, hakufungua boneti, hakuuliza habari ya giaboksi, tairi hakuziangalia. Akasema, "Dadangu, gari safi mashallah, lakini rangi." Nikamwambia rangi imefanya nini. "Ingekuwa nyeupe ningekupa laki saba. Hii nikijitahidi sana ni laki sita na ishirini." Yaani elfu themanini imeondoka hivyo, injini ni ile ile, kilomita ni zile zile, mwaka ni ule ule.

Nikamuomba anieleze vizuri manake sikutaka kuondoka na hasira tu, na kwa kweli alinieleza kama mtu anayeongea na dadake. "Nyeupe nikiiweka hapo mbele leo, wiki ijayo sina. Yako naweza kukaa nayo miezi mitatu. Kila asubuhi kijana aiosha, jua laipiga, chumvi ya bahari yaipiga, na laki zangu sita zimelala hapo. Kwa pesa hiyo hiyo ningekuwa nishazungusha gari nyingine mbili." Bas. Hakusema gari mbaya, hakusema watu hawaitaki. Alisema pesa yake italala na ile bei ya kulala ananikata mimi mbele.

Shimanzi wakanipa laki sita na arubaini. Yadi nyingine hawakuitaka kabisa, ila mzee wa pale akaniambia neno nimelibeba mpaka nyumbani: "Hii ina mtu wake, mwanangu, lakini huyo mtu hapiti hapa kila siku."

Sasa hebu fikiria nani ananunua gari Mombasa. Wengi wanaotafuta hizi gari ndogo wanatafuta gari ya kazi, ya Uber na Bolt, na mtu wa kazi ataka nyeupe au silva kwa sababu siku akiiuza ataiuza kwa mtu mwingine wa kazi. Wa kukodisha gari za arusi ndo usiseme, msafara wataka nyeupe mpaka mwisho. Alafu kuna joto, na hili si imani tu, mwaka 2011 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley kule California waliziweka Honda Civic mbili juani, moja nyeusi moja silva, na paa la ile silva likawa na joto dogo kwa karibu digrii 25, hewa ya ndani kwa digrii 5 hadi 6. Aliyewahi kuegesha gari Mwembe Tayari saa saba mchana mwezi wa pili hahitaji kusomewa hiyo ripoti.

Lakini sababu iliyoniingia zaidi alinipa fundi wangu wa rangi, na huyu ndo mtu ningetaka kila mwenye gari ya rangi kali aende akaongee naye. Hapa mjini tuktuk itakukwaruza tu, leo au kesho. Ukikwaruzwa ukiwa na nyeupe ya kawaida fundi achanganya rangi, apiga ule mlango peke yake, apiga klia, ile rangi ya juu isiyo na rangi inayolinda, jioni umeondoka. Hii yangu ina chembe za kung'aa ndani, ukipiga mlango peke yake utauona uko mbali na fenda ukisimama kwa pembeni jua la alasiri, kwa hivyo lazima aivute rangi kidogo kidogo mpaka kwenye fenda na mlango wa nyuma ndo macho yasione pameanzia wapi. Kazi ya kipande kimoja inakuwa ya vipande vitatu. Akanionyesha Mazda iliyokuwa pale gereji, ile nyekundu yao maarufu ya Soul Red, hiyo yapigwa kwa tabaka tatu, tabaka la katikati ni nyekundu unayoona hadi chini yake, mkono ukizidi kidogo tu panakuwa na giza. Boneti ya ile Mazda ilikuwa ishapigwa na mtu mwingine, na nilipoinama nikauona mpaka wa rangi wazi kabisa, boneti damu ya mzee, fenda nyekundu ya moto. Mwenye gari alikuwa amesimama hapo anaiangalia na nilimwonea huruma kweli.

Kwa hivyo mnunuzi akiona rangi kali ashapiga hesabu ya fundi kabla hajapiga hesabu ya bei. Na ana haki. Klia ya paa na boneti kwa jua letu haidumu, na rangi za nyekundu na chungwa zikianza kupauka mtu anaona toka mbali, wakati nyeupe hata ikichoka yaonekana nyeupe tu.

Na kuna la siri pia, hili la kipwani kabisa. Kuna baba mmoja alikuja kuiangalia nyumbani, akaipenda, akaiendesha mpaka Tudor na kurudi, alafu akakaa kimya kidogo akasema, "Bi, gari nzuri, lakini mji wetu huu mdogo. Nikiegesha hii pahali kila mtu ajua nipo wapi." Sikumuuliza anataka kwenda wapi, ni mambo yake. Lakini ni kweli, mimi mwenyewe hupigiwa simu na shangazi yangu, "nimeona gari yako Nyali, ulikuwa na nani?" Wanaotaka kupita mjini bila kusalimiwa na mtaa mzima ni wengi na wote hao wamejitoa kwenye wanunuzi wangu.

Binamu yangu aliye Marekani nilipomsimulia akanitumia utafiti wa 2025 wa iSeeCars, tovuti ya magari ya huko, nikashangaa. Kule gari za umri wa miaka mitatu kwa wastani zilikuwa zimepoteza asilimia 31 ya bei, za manjano zimepoteza 24 tu, za chungwa 24 na kidogo, na nyeupe zimepoteza 32! Rangi ya dhahabu ndo ya mwisho, 34 na kidogo. Yaani kule mimi ningekuwa juu. Mwanzo nikataka kuwapelekea wale wa yadi simu wasome, lakini nikakaa nikatafakari. Kule sehemu kubwa ya gari za manjano na chungwa ni zile za spoti, na zinazotengenezwa za rangi hiyo ni chache, anayeitaka anaitafuta nchi nzima na akiipata halalamiki bei. Hapa Note ni gari ya kubebea watoto na mboga za Kongowea. Lakini kitu kimoja kwangu kimebaki kilekile kule na huku: rangi adimu bei yake ipo, iko kwa yule mtu wake, na yadi haina subira ya kumngojea.

Tena nimeelewa kwa nini bandarini kumejaa nyeupe. Ukiwa ferry ya Likoni ile meli kubwa ya magari ikipita unajua ndani ni nyeupe, silva, nyeusi, nyeupe. KRA, watu wa kodi, wakikokotoa ushuru wanaangalia modeli, mwaka na injini, rangi haimo. Kwa hivyo Note ya chungwa na Note nyeupe zinalipa ushuru sawa, na kwa sababu ushuru ni sehemu kubwa sana ya bei, ule unafuu mtu anaoupata Japani kwa kununua rangi isiyopendwa akifika hapa unakuwa kitu kidogo mbele ya hasara ya kukaa nayo. Anayeagiza gari kwa biashara aagize ya chungwa ya nini? Mimi ningekuwa yeye nisingeagiza.

Sasa, broka mmoja (hawa huwa hawakosi ushauri) akaniambia niipige nyeupe, elfu themanini hadi laki, nimalize kesi. Nawaambia msithubutu. Fundi akipiga nje, ukifungua mlango zile kingo za ndani ni chungwa, ukifungua boneti chungwa, ukitoa kifuniko cha petroli chungwa, ukiinua kapeti ya buti chungwa. Mnunuzi akiona hivyo swali la kwanza ni ilianguka wapi, la pili ni ya nani. Na logbook, hati ya umiliki wa gari, yasema chungwa, kubadilisha rangi lazima upeleke NTSA, mamlaka ya usafiri, irekodiwe, usipofanya hivyo siku ya kuhamisha umiliki au siku ya askari barabarani ndo utaeleza. Hata Japani karatasi za mnada huandikwa kama gari ilibadilishwa rangi, na wanunuzi huikimbia. Gari ya chungwa ya kiwandani, rangi yake asili haijaguswa, ndo yenye heshima kuliko nyeupe ya uongo. Hili nalisema kwa moyo wote manake nimeona watu wakiharibu gari nzuri kwa hofu ya broka.

Basi nimefanya hivi. Note naiuza mwenyewe. Nimeipeleka ikabafiwa, yaani ikang'arishwa, sikugusa rangi, nimepiga picha asubuhi mapema pale Mama Ngina jua likiwa la chini, na kwenye tangazo neno la kwanza nimeandika ORANGE kwa herufi kubwa, manake yule wangu anatafuta kwa neno hilo, na asiyetaka chungwa asinipotezee muda. Bei nimeweka laki saba na sitini.

Na Sienta? Hapa ndo nimecheka na mume wangu jana usiku. Pale pale yadi ya Ganjoni, nyuma kabisa ukutani, kuna Sienta ya 2019, ile manjano yao inayoelekea kijani, Air Yellow, ndo rangi Toyota waliyoitangazia Sienta ya sura hii ilipotoka 2015. Vumbi limeikaa kwenye vioo. Nikamuuliza mwenyewe imekaa tangu lini, akatabasamu hakujibu. Nikamwambia kaka, wewe mwenyewe ulinifundisha juzi, pesa yako imelala hapo, kila asubuhi kijana aiosha. Tumevutana mpaka adhana ya alasiri, akashuka elfu tisini chini ya ile nyeupe iliyo kando yake, mwaka sawa, kilomita karibu sawa, na ya manjano ndani ni safi zaidi. Mamangu nilimpeleka akaijaribu, akaingia akatoka akaingia tena, akasema rangi haimhusu, mlango ndo unaomhusu. Na sisi gari tukinunua twakaa nayo, hatuiuzi mwaka kesho, kwa hivyo ile elfu tisini ni yetu leo na siku ya kuiuza nitaanza mapema nimngoje mtu wake.

Nimeacha deposit, amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Kwa Note kuna kijana wa Mtwapa amepiga simu, asema ameitafuta chungwa muda mrefu, nyeupe ameonyeshwa nyingi hazitaki. Aja Jumamosi saa nne na fundi wake, wataka kuskani giaboksi, sawa kabisa, rekodi za sevisi zote nishaziweka kwenye faili. Amesema ana laki saba kamili. Chini ya laki saba na ishirini siuzi.