Nilivyopanda semi ya mume wangu mpaka Tunduma

Mwaka 2017 mume wangu alikuwa anaendesha semi, yale malori marefu ya tela, anapakia salfa Dar anapeleka Kolwezi kule Kongo, anarudi na shaba, na mi nilikuwa nimechoka. Nimechoka haswa. Tulikuwa tunakaa Kibaha, karibu na Maili Moja, yani barabara ya Morogoro unaisikia ukiwa kitandani, na kilichokuwa kinaniuma kuliko vyote ni kwamba gari lake lilikuwa linapita pale pale, sio mbali na mlango wangu, afu halisimami. Treka ipo, tajiri anaona kwenye simu gari liko wapi, ukisimama sehemu isiyoeleweka unapigiwa hapo hapo, na kupaki semi pembeni pale trafiki hawakuachi salama. Kwahiyo alikuwa anapiga honi tu. Mara nyingi usiku. Watoto wanashtuka, wanasema baba huyo, wanageuka wanalala, mimi ndo nabaki macho mpaka adhana.

Akirudi anakuja na begi la nguo zinanuka salfa. Mimi kwetu Masasi, hiyo harufu naijua toka mtoto, ndo tulikuwa tunapulizia mikorosho, macho yanawasha mpaka unalia. Sikujua kama kuna nchi wanaichukua kwa matani hivyo, yeye ndo aliniambia kule migodini wanatengenezea asidi ya kutolea shaba kwenye mawe. Nikamwambia sawa, ila nguo zako zifue mwenyewe. Nilizifua hivyo hivyo.

Sasa kukawa na nafasi ya tipa, lori la kubebea kokoto na mchanga. Jirani yetu mume wake alikuwa anatoa kokoto Lugoba anashusha mjini, kila jioni unamkuta barazani kavaa msuli, na kwenye magari yao kuna moja dereva wake kaacha. Nikaona hii ndo dawa. Nikamwambia mume wangu, akasema nitafikiria. Safari ikaisha, ikaja nyingine, nitafikiria. Mume wangu nyumbani sio mtu wa maneno, ukimuuliza kitu anakujibu neno moja afu anaangalia taarifa ya habari. Siku moja nikamwambia basi safari hii tunaenda wote nikaone hicho kinachokushinda kuacha. Nilitegemea akatae. Akacheka, akampigia tajiri, tajiri naye (sio kampuni, ni mzee mwenye magari machache, na nyumbani kwake tunafahamika) akasema mpeleke mama akatembee, ila aishie Tunduma, mpakani na Zambia. Pasipoti nilikuwa sina hata hivyo. Watoto nikawaachia mdogo wangu, utingo akahamia gari la mwenzake maana yalikuwa yanaondoka magari mawili pamoja, na mimi nikapandia pale pale Maili Moja alfajiri, nimebeba chapati na birika la chai utafikiri naenda kumuona mgonjwa.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni mdomo. Yule mtu anaongea! Tumefika mizani ya Vigwaza, pale malori yanapopimwa uzito, nimeshasikia habari za watu ambao sijawahi kuwasikia toka tuoane, nani aliangusha gari Mpika, nani kaoa Kapiri Mposhi, kote huko Zambia, kwanini ukipakia vibaya mzigo ukakaa nyuma sana eksel moja (mstari mmoja wa matairi) inazidi uzito hata kama jumla yako haijafika zile tani 56 zinazoruhusiwa, afu unaanza kuhangaika kusogeza mzigo juani. Pale mizani nikasikia mtu anaita "Profesa! Profesa!" nikageuka kuangalia profesa gani huyo anapanga foleni na malori, kumbe ni mume wangu. Njia nzima hiyo ndo jina lake. Nikauliza kwanini, wakasema huyu, shemeji, akikaa chini kuongea hamuondoki. Nikanyamaza.

Chalinze, Morogoro, tukala, tukaingia Mikumi mchana jua kali nikaona twiga na lile bango la faini limeandika kila mnyama na bei yake, na tulivyofika Ruaha Mbuyuni giza likawa linaingia akasema tunalala hapa, mlima Kitonga tutapanda asubuhi. Kama hujawahi kulala Ruaha Mbuyuni ndani ya kabini ya lori sijui nikuelezeje joto lile. Mibuyu, vitunguu vimepangwa barabarani kwenye viroba, malori yamejipanga mpaka mwisho wa macho, jenereta, miziki ya kila baa na wimbo wake. Tukaenda kwa mama ntilie mmoja, hajamuuliza mume wangu anakula nini, kaleta ugali na samaki na pilipili pembeni, na bamia. Bamia! Mimi namjua kama mtu asiyegusa bamia. Nikamuangalia, akasema hizi zimepikwa vizuri. Hapo roho ikanipasuka kidogo nisiwadanganye, nikaanza kumpima yule mama kwa macho, mtu mzima kunizidi, akaja akakaa na mimi akaniambia afadhali umekuja mwanangu, huyu anatusumbua na picha za watoto kila akipita. Sisemi madereva ni malaika, yapo, na nimeyaona mengine kwa macho kwenye hiyo hiyo safari. Ila nasema nilichokutana nacho.

Usiku ndo nikaelewa kitu. Miaka yote mume wangu akiwa nyumbani ana tabia ya kuamka saa nane, saa tisa usiku, anatoka nje, anazunguka, anarudi. Unajua mwanamke unawaza nini. Nilishaenda mpaka kupekua simu. Sasa tumelala kwenye kile kitanda cha nyuma ya siti, mimi sijapata usingizi kwa joto na mbu, ye anakoroma, muziki unapiga, malori yanapita yanatikisa kabini yote na hashtuki. Mara kikasikika kitu kidogo sana, kama mtu kagusa bati na ufunguo. Mimi nilikuwa macho na sikukitilia maanani. Ye kashafungua mlango kashuka na tochi na rungu. Nikasikia watu wanakimbia kwenye majani. Walikuwa kwenye tenki la dizeli na mpira wao wa kunyonyea. Akazunguka gari lote, akagonga tairi moja moja, akaangalia kamba za turubai, akapanda, akalala palepale. Dizeli ikipungua analipa yeye, mzigo ukichanwa anajibu yeye. Nikakaa nimejiinamia gizani nikikumbuka zile simu nilizopekua. Mtu anakuja nyumbani mwili umelala kitandani kwangu, masikio yameachwa kwenye tenki.

Kitonga nitaipitia haraka maana sehemu kubwa nilifumba macho. Lori linapanda kwa gia ndogo mpaka mtu anayetembea kwa miguu anakaribia kukupita, upande mmoja ukuta wa jiwe, upande mwingine sio pa kuangalia, na mbele yetu kuna gari lilishindwa likasimama katikati, utingo wake anakimbia kuweka mawe kwenye matairi. Profesa hapo hasemi neno. Alinyamaza vilevile anavyonyamaza nyumbani, nikaona loh, kumbe hii sura naijua. Tulivyofika juu, Ilula kule kwenye nyanya, maneno yakarudi.

Baada ya hapo baridi. Wenda mizani tena, Mafinga mbao, Makambako nikavaa khanga tatu juu ya sweta, na Tunduma tulivyokaribia tukakuta foleni hata mji wenyewe hatujauona. Kile kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa 2019, sisi tulikuwa kabla, kwahiyo unagongewa mihuri upande huu afu unaanza upya upande wa Zambia, na malori yanasogea mita chache asubuhi, mita chache jioni, siku zinaenda. Watu wanaishi pale. Kuna anayefua, kuna anayenyolewa, mume wangu ana jiko la mtungi mdogo kwenye sanduku la ubavuni mwa tela, sufuria safi kuliko zangu, anapika wali kama mwanamke wa pwani. Nyumbani hajawahi hata kuwasha jiko.

Ndo nikamwambia pale, tumekaa kwenye kivuli cha tela. Nikamwambia kumbe unajua kupika. Akasema naam. Nikasema na nyumbani? Akakaa kimya, nikajua nimempoteza, afu akasema, "Mama, mimi pale sina kazi. Mlango ukiharibika una fundi wako. Mtoto akiumwa unampeleka mwenyewe, narudi ameshapona. Hata rimoti sijui mnaweka wapi. Nikikaa siku nne naona nawabana, nyie wenyewe mnaanza kuniuliza mzigo unapakia lini."

Na ni kweli tulikuwa tunauliza. Lakini nilikasirika jamani. Nikamwambia nani kanifundisha kuita fundi? Nilivyokuwa nakupigia uko Kasumbalesa, mpakani na Kongo, simu haipatikani bomba limepasuka maji yamejaa sebuleni nifanye nini, nikusubiri? Akasema sijakulaumu. Nikasema ila umenihesabia. Tukagombana pale kwenye foleni, madereva wanajifanya wanaangalia matairi yao. Kuhusu pesa wala hatukubishana, wote tunajua ile nyumba imejengwa na posho za safari, tofali kwa tofali, na tipa unalipwa kwa tripu, likiharibika gari unalala njaa. Hilo lilikuwa gumu lakini lilikuwa wazi. Hili lingine hakuna aliyelijua jibu.

Niliondoka na basi alfajiri, yeye bado hajavuka. Kaninunulia mchele kaniwekea kwenye buti, kaniambia nikifika nimwambie mkubwa wetu asifungue ile redio mbovu, ataifungua yeye. Nilifika nikamwambia. Ile redio ikakaa juu ya kabati mpaka karudi, na kitasa cha choo nacho nikakiacha kimelegea hivyo hivyo, fundi nikampita barabarani nikamsalimia tu.

Hakuacha mwaka ule wala uliofuata. Aliacha 2020, mwezi wa tano, Zambia walivyofunga mpaka wa Nakonde kwa ajili ya corona, yeye alikuwa upande huu kwenye mstari, na watu walivyokuwa wanawaangalia madereva kipindi kile utasema wao ndo waliutengeneza ugonjwa. Aliporudi akasema ile tipa bado ipo? Ile haikuwepo, akapata nyingine.

Sasa yupo nyumbani kila siku. Anatoka saa kumi alfajiri, anarudi vumbi la kokoto mpaka kope, saa mbili usiku kalala. Bamia anakula. Saa tisa bado anaamka anatoka nje, nimezoea, nikimsikia namwambia tenki liko salama rudi ulale, anacheka. Jumapili anaoga anavaa anaenda Maili Moja kukaa na wale wa njia ya Tunduma wakisimama kununua maji, na huko bado wanamwita Profesa, anarudi na stori za wiki nzima, ila anawahadithia watoto zaidi kuliko mimi.

Wiki iliyopita kanitajia kwamba kuna mzee ana semi mbili mpya, mmoja wa madereva kakimbia. Sikujibu kitu, nikamuuliza tu zinapeleka nini. Kasema salfa.