Kuchagua tela ya kubebea eskaveta: uzoefu wangu Dar mpaka Njombe

Wadau, naandika hii kwa ajili ya wenzangu mnaopata kazi mkoani halafu mashine iko Dar, na kila dalali unayempigia anakwambia "tela ipo bosi, leta hela". Mimi nilipewa jukumu la kuipeleka eskaveta yetu, yaani mashine ya kuchimba, Komatsu PC200, kutoka yadi Mbezi mpaka saiti Njombe. Ninachowaomba ni kimoja, bei ya tela iache kwanza, anza na mashine yenyewe na njia itakayopita.

Nilichukua tepu nikapima. Mashine ina kama tani 20, ukishakunja bomu (ule mkono mkubwa wa mashine) na kulaza baketi kimo chake kinakuja mita 3 hivi, upana karibu 2.8. Sasa flati ya kawaida, ile inayobeba nondo na simenti, deki yake iko kama mita moja na nusu kutoka chini, jumlisha hapo uone, umefika mita 4 na nusu na kila mji kuna nyaya zinakatiza barabara. Tani 20 flati inazibeba bila shida yoyote, ishu ni kimo, na mzigo ukikaa juu vile kwenye kona za mlima Kitonga, kabla ya Iringa, gari lote linayumba. Halafu kuipandisha mashine ya cheni, inayotembelea cheni za chuma badala ya tairi, kwenye flati isiyo na ngazi unahitaji rampu ya udongo au kreni, na huko mnakoshushia mtaipata wapi?

Kwa hiyo nikasema lobedi tu, tela ambayo deki yake iko chini. Ila lobedi nazo hazifanani. Niliyoikubali ilikuwa na ekseli tatu, ngazi za nyuma nzima, na mbawa za pembeni zinazovutwa ukaweka mbao, maana deki ni mita 2.5 na cheni za mashine zinatoka nje, bila mbawa zinaning'inia hewani. Kichwa, gari linalovuta tela, nikataka cha difu mbili, yaani ekseli mbili za nyuma zote zinasukuma, kwa sababu ya kupanda Kitonga. Na tairi nilizikagua moja moja, zile za ndani ndio wanaficha vipara.

Mizani ndio wengi wanaumia. Sheria ya Afrika Mashariki, kwa hapa Tanzania imeanza kutumika 2019, ekseli ya mbele tani 8, zile mbili za difu tani 18, tatu za tela tani 24, jumla hapo tani 50. Kichwa na lobedi vikiwa tupu ni kama tani 22, ongeza mashine unapata 42, uko salama. Lakini jumla ikiwa salama haimaanishi ekseli ziko salama, mashine ikikaa nyuma sana tela inazidi peke yake, ndio maana tuliisogeza mbele kuelekea shingoni, pale tela inapoungana na kichwa. Na kama una buldoza la D8, lile ni tani 38 hivi, hesabu hiyo inakataa kabisa, tafuta lobedi ya ekseli nyingi zaidi na kibali chake. Sisi wenyewe kibali tulikata kwa ajili ya upana, tukaweka bendera nyekundu na gari la kusindikiza, tunatembea mchana tu.

Kufunga ndio sikutaka mzaha. Opereta wetu, mzee wa siku nyingi, alipiga buti kwenye deki akaniambia, "Mwanangu, chuma kwa chuma hakishikani, mvua ya Iringa ikilowesha hapa mashine inaondoka." Akaagiza mbao ngumu chini ya cheni, nyingine chini ya baketi, akafunga loki ya kuzungukia ili sehemu ya juu ya mashine isigeuke, kisha minyororo ya milimita 13 kona zote nne, na mmoja wa peke yake kwenye bomu. Utingo alikuwa anaikaza upya kila tunaposimama, na kweli Ruaha Mbuyuni tulikuta miwili imelegea.

Kitu ambacho dalali hawezi kukuuliza ni barabara ya mwisho. Lobedi tumbo liko chini, tuta moja la udongo linatosha kuikwamisha. Nilimtuma kijana wa saiti atembee njia na kunipigia picha za kila kalavati, tukakubaliana tushushe pale njia panda na eskaveta itembee yenyewe iliyobaki. Palipokuwa na lami tulitandika tairi chakavu, cheni za chuma zinaichana lami na gharama ya kuirudishia inakuangukia wewe. Hayo yote yaingize kwenye makubaliano kabla hujatoa advansi, pamoja na nani analipa gari likilala njiani.