Gilisando inatokea kooni

Nimetoka kurudia tena kwa klarineti ule mwanzo wa Rhapsody in Blue, kipande cha muziki cha mtunzi George Gershwin, na midomo bado inauma, ila acha niandike sasa hivi kabla sijalala maana leo kuna kitu nimekielewa. Wapigaji wa klarineti wanaujua huo mwanzo, unaanza na trili (noti mbili jirani zinapokezana harakaharaka) huku chini kwenye G, unapanda, alafu ukifika katikati husikii tena noti mojamoja, ni sauti moja tu inavutika mpaka C ya juu, na huko kuvutika ndo gilisando yenyewe.

Gershwin mwenyewe hakuandika hivyo, yeye aliandika skeli ya kawaida ya noti 17, yaani noti zinazopanda moja baada ya nyingine. Aliyeivuta ni Ross Gorman, mpiga klarineti wa okestra ya Paul Whiteman, alifanya kama utani mazoezini, Gershwin akaipenda akamwambia aipige hivyohivyo, na tarehe 12 Februari 1924 pale Aeolian Hall, New York, ndivyo watu walivyoisikia. Ile habari naipenda mno, kwamba sauti inayojulikana kuliko zote za klarineti ilitoka mdomoni kwa mpigaji. Rekodi yao ya Juni mwaka huohuo ipo, sauti ya kizamani lakini Gorman anasikika vizuri tu.

Sasa huko chini hakuna kuteleza kwa maana halisi, wengi wetu tunakimbiza noti harakaharaka, kwa sababu kati ya A na B pale katikati kuna ule mpaka, ulikuwa umeachia karibu kila tundu alafu ghafla unatakiwa uyafunge yote kwa pamoja na dole gumba libonyeze kitufe cha rejista, kile kinachoirusha sauti juu, pale utatelezaje? Ukishavuka, ukifika D hivi, ndo kazi inaanza. Vidole havinyanyuki juu, vinasogea pembeni taratibu, tundu linafunguka kidogokidogo.

Lakini vidole ni nusu tu na pengine hata nusu haifiki. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales kule Australia waliwapima wapigaji ndani ya mdomo wakiwa wanapiga gilisando hii hii, wakakuta kwamba huku juu mpigaji anaupanga mdomo na koo lake kiasi kwamba mvumo wa humo ndani ndo unaoiongoza noti, bomba la klarineti linafuata. Yaani koo linalishinda bomba! Niliposoma hiyo nikaacha kuhangaika na vidole kabisa kwa muda, nikawa nashika C ya juu, vidole vimetulia palepale, naishusha sauti kwa ulimi na koo tu, kama natamka "ii" alafu nashuka kwenda "oo", pumzi haipungui hata kidogo, ikishashuka naipandisha tena polepole. Zoezi hilohilo kwenye noti za chini haliendi popote, sauti inagoma, ndo maana utamu wote wa kuteleza uko juu.

Na leo vikakutana. Vidole vikawa vimetangulia kidogo, koo linaishikilia sauti nyuma isiruke, alafu naliachia taratibu, na kutoka E mpaka A sikusikia ngazi hata moja, ilikuwa inapanda tu, aisee nilisisimka mwili mzima. Kwa maoni yangu raha ya ile gilisando ni kule kuchelewa, ukikimbilia C inakuwa skeli tu iliyochafuka, ukiizuia pale karibu na B msikilizaji anaanza kuidai mwenyewe.

Bado A kwenda B ya huku juu ina kakona, panasikika kabisa pale kidole kinapoachia. Ridi ninayotumia (kile kipande chembamba kinachotetema mdomoni, namba ikipanda kinakuwa kigumu zaidi) ni namba 3 na nahisi ni ngumu kwa kazi hii, kesho naweka 2 na nusu nione kama papo hapo patalainika, nikiona C inakuwa nyembamba nairudisha 3 na naongeza zile dakika za koo.