Biskuti 220 na mwezi haujaandama

Saa tisa na nusu usiku

Vijana wanaoamsha watu kula daku hawajafika mtaani kwetu bado. Ngoma yao naisikia mbali, upande wa Michenzani, hapa hapa Unguja. Mimi nishaamka. Nimeingia jikoni, hata taa sijawasha, nikafunua beseni na kutia mkono. Suji, ile ngano ya kusagwa chenga chenga, niliyoifikicha na samli jana baada ya tarawehe imelala vizuri. Punje zimevimba, zimekunywa samli yote, na ukiikamata kiganjani inashikana kama mchanga wa pwani maji yakishapwa. Roho ikatulia. Suji ikibaki kavu ndani, biskuti inakwaruza meno, na mteja atakwambia umemtilia mchanga.

Leo ni mwezi 29 Ramadhani. Nina oda ya biskuti za tende 220, masanduku 11 ya biskuti ishirini ishirini, na wateja wote wanazitaka leo usiku, maana mwezi ukiandama Idi ni kesho. Usipoandama, keshokutwa. Hilo la pili mteja hataki kulisikia.

Nikala wali uliobaki wa futari, nikanywa maji bilauri tatu, nikatia nia.

Saa kumi na mbili asubuhi

Wifi yangu kafika, na buibui lake halijakauka mvua ya alfajiri. Kazi ya kwanza ni tende, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibu.

Wanachofanya ni kuzichemsha tende kwa maji mpaka zikawa uji, kisha wanazikausha motoni. Zinaonekana laini, ndiyo, lakini yale maji hayatoki yote. Ukizitia ndani ya unga na kuzichoma, yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia, biskuti inapasuka ubavuni. Mimi tende sizichemshi. Nazitoa kokwa, nazitia kwenye sufuria na vijiko viwili vya samli kwa kila kilo, moto mdogo kabisa, nazisonga kwa mwiko mpaka ziwe donge moja linalong'aa. Kisha hiliki iliyotwangwa sasa hivi, si ya juzi, na kungumanga ya kukwaruza kidogo.

Tende nachanganya mbili. Khalas, ya rangi ya kahawia ya asali, laini, na Fardh, nyeusi zaidi na ngumu kidogo. Zote zinalimwa Oman, na zangu mwaka huu zilikuja na shangazi anayeishi Maskati. Khalas peke yake inalegea mno kwa joto letu. Fardh inaipa mwili. Bibi yangu hakuwa na habari ya majina haya. Kwake tende ilikuwa tende ya kanda, iliyoshindiliwa ndani ya ukili, iliyoletwa na majahazi msimu wa kaskazi, na unaikata kwa kisu kama unavyokata sabuni ya mche.

Baada ya kusonga, naipitisha tende yote vidoleni, tonge kwa tonge, kutafuta kokwa. Hata zile zilizoandikwa hazina kokwa. Mwaka juzi mteja aliuma kokwa siku ya Idi, jino likapata ufa. Hakunidai kitu, ila kila akinikuta njiani ananionesha lile jino. Leo wifi kapata kokwa mbili na kipande cha kikonyo. Akaziweka juu ya meza mbele yangu, hakusema neno.

Saa mbili

Suji nimeikanda na maji ya uvuguvugu, arki ya waridi na hamira kidogo sana, hamira ya kuipa wepesi tu, si ya kuiumua kama mkate. Kipimo changu: kilo moja ya suji, nusu kilo ya samli, sukari robo kikombe. Sukari ni kidogo makusudi, utamu unatoka kwenye tende. Kilo moja inanipa biskuti sabini na kitu, unga gramu 25 na tende gramu 15 kila moja. Nilifikicha kilo tatu, na leo zimetoka 231. Oda 220, kumi na moja za nyumbani. Hesabu nzuri, kwenye karatasi.

Arabuni biskuti hii wanaiita maamul. Neno lenyewe ni ndugu wa *amali*, yaani kitu kilichofanywa, na kweli unakifanya mpaka mgongo unauma. Syria, Lebanon na Palestina Waislamu wanaipika Idi na Wakristo wanaipika Pasaka. Iraki wana yao ya kukunja, kleicha, Misri wana kahk. Kwetu Unguja bibi zetu Idi walipika vileja, visheti na kaimati, na sisemi maamul ije iviondoe. Kileja kizuri cha unga wa mchele hakina mpinzani. Lakini biskuti ya tende imeingia majumbani kupitia jamaa zetu wa Oman, na anayeionja mwaka mmoja, mwaka wa pili anapiga simu Shaabani, Ramadhani haijaingia bado.

Sasa kalibu, kile chombo cha kuipa biskuti umbo na ua. Ninazo tatu za mti, shangazi alizinunua sokoni huko huko Maskati. Ya duara bapa ni ya tende, ya duara iliyochongoka ni ya jozi (walnut), ya mviringo mrefu ni ya pistachio. Hivyo ndivyo wenyewe wanavyojua kilichomo ndani bila kuvunja. Mimi natumia ile bapa tu. Jozi kwa bei ya hapa utauza kwa nani.

Unachukua donge la unga, unalitoboa kwa kidole gumba, unalizungusha mpaka liwe kama kikombe cha kahawa, kuta nyembamba lakini zisionyeshe mwanga. Unatia kidonge cha tende, unafunga, unaviringa. Mshono unautazamisha juu, uso laini unaingia kwenye kalibu. Unakandamiza kwa kiganja, si kwa vidole, vidole vinaacha mashimo. Halafu unageuza kalibu na kuipiga ncha yake ukingoni mwa meza, pigo moja. Ta! Biskuti inadondokea mkononi na ua lake limekamilika. Ukipiga mara mbili, ua linachanika. Ukipiga kwa woga, nusu inabaki ndani na unaichokoa kwa kijiti, na mti ukishachokolewa haurudi ulivyokuwa.

Ta, ta, ta, mpaka saa nne na nusu. Jirani wa juu huwa anasema kwangu Ramadhani kuna fundi seremala.

Kuna sababu ya kukimbizana na asubuhi. Jua likipanda, samli inayeyuka ndani ya unga, unga unalegea, na ua unalolipiga saa sita linafutika lenyewe kabla halijafika motoni.

Saa nne na nusu

Oveni yangu inapokea treya mbili, biskuti 44. Nyuzi 200, dakika 15 mpaka 18. Maamul haitakiwi kuwa nyekundu. Juu inabaki nyeupe, chini tu inapata rangi kidogo. Sasa unajuaje imeiva?

Kazi hii Ramadhani ina jambo ambalo asiyepika halimpitii akilini: huonji. Siku nzima mikono iko ndani ya tende, harufu ya samli na hiliki imejaa mpaka kwenye mapazia, na ulimi hauna ruhusa. Wapo masheikh wanaosema mpishi anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Mimi sijithubutu, najijua. Kwa hiyo napika kwa pua, kwa vidole na kwa masikio. Biskuti iliyoiva ukiigonga mgongo kwa ukucha inalia kavu. Mbichi haisemi kitu.

Leo lakini nina bahati. Wifi hasali, kwa hiyo hafungi, na sitaongeza neno. Treya ya kwanza ilipopoa akachukua moja, akaingia nayo nyuma ya mlango wa stoo watoto wasimwone, nikamsikia anatafuna taratibu.

"Eee wifi?"

"Nzuri."

"Hiliki?"

"Nzuri."

"Tende haijazidi?"

"Nzuri, wifi, nzuri. Hebu nipe na ya pili nihakikishe."

Nikamnyima. Ile aliyokula nikaihesabu katika kumi na moja za nyumbani.

Saa tano na robo

Umeme umekatika.

Ndani ya oveni kulikuwa na treya za mkupuo wa tatu. Nikaacha mlango umefungwa, joto lililobaki likamalizia kazi; zimetoka nyeupe kuliko nilivyotaka lakini zimeiva. Hizo ni 132. Zimebaki 99 mezani, zimefunikwa kitambaa, na jikoni joto linapanda.

Nikangoja nusu saa. Nikangoja nusu saa nyingine. Kisha nikamwambia wifi atoe seredani, jiko la makaa.

Kupalia nimefundishwa na bibi: makaa chini, makaa juu ya kifuniko cha bati, katikati sufuria kubwa yenye mchanga mkavu na treya ndogo. Mkate wa kumimina unapaliwa hivyo, na unatoka vizuri kuliko wa oveni. Kanuni yake ni moto mkubwa juu, mdogo chini. Treya yangu ndogo inachukua 14. Niliziweka, nikaenda kumfungulia mtu mlango, ambaye kumbe kaja kuuliza tu kama nasikia Idi ni lini. Niliporudi, wifi kaniongezea makaa. Chini.

14 zote, migongo myeusi kama kifuu kilichoungua.

Sikumgombeza. Alijua. Akazipanga kwenye sahani, akasema polepole, "Wifi, juu hazijaungua. Tukiziweka chini ya sanduku…" Nikamtazama. Jambo hilo niliwahi kulifanya, mwaka wangu wa kwanza wa kuuza, na yule mteja hakurudi tena. Alinunua kwa mwingine na akanialika nikale kwake.

Mikupuo mitatu ya palia iliyofuata ikatoka salama, 42. Saa tisa umeme ukarudi, 43 za mwisho zikaingia oveni.

Saa kumi

Sala, kisha kuhesabu. 231 toa 14, zimebaki 217. Moja wifi kaonja, 216. Upungufu ni biskuti nne.

Nikampigia mteja wa Mwembetanga, mtu mzima, ananunua kwangu kila mwaka. "Shikamoo bi mkubwa, nina aibu, sanduku lako litapungua biskuti nne."

"Marahaba mwanangu. Nipunguzie kumi kabisa, huyu mzee wangu sukari yake iko juu na haachi kudokoa."

Nikapunguza nne. Kumi ningelazimika kumrudishia pesa.

Sukari ya unga siinyunyizi mimi. Picha za mitandaoni zote maamul zina theluji juu, lakini kwa unyevu wetu ikifika asubuhi imeshakuwa gundi. Kila sanduku naweka kifuko kidogo, mteja anyunyize mwenyewe wageni wakigonga hodi.

Futari nimepika mbio: muhogo wa nazi, uji wa pilipili manga, basi.

Saa kumi na mbili na nusu

Adhana. Tende moja, maji. Kisha nikachukua biskuti iliyoungua, nikakwangua mweusi kwa kisu, nikaiuma. Ni mara ya kwanza kuionja kazi yangu tangu jana.

Arki ya waridi imezidi. Si sana, lakini imezidi, inakuja mbele ya hiliki. Nikamgeukia wifi. Yeye anapenda waridi, hata chai anaitia. Nimemfanya mwonjaji mtu asiyeweza kuona kosa hilo.

Saa moja na nusu usiku

Mteja wa kwanza kafika kabla sijaosha vyombo. Yeye na jamaa zake wanafuata mwezi wa popote ulipoonekana, walianza kufunga siku moja kabla yetu. Kwao leo ni 30, kwa hiyo Idi yao kesho haina mjadala. Kachukua masanduku mawili, kanipa mkono wa Idi, nikamwambia bado. Akacheka, "Basi uuweke, uufungue keshokutwa."

Wengine tisa walikuwa wameniandikia tangu mchana: usiku wa leo bila kukosa, tafadhali, isipite saa tatu. Mmoja aliandika mara nne.

Redio iko juu ya friji. Mitaani watoto wako nje wanatazama angani upande wa magharibi, na kila mmoja anadai kaona kitu. Mawingu yametanda.

Saa tatu kasoro

Tangazo la Mufti: mwezi haukuonekana, kesho tunakamilisha 30.

Simu ikaanza kuita. Sasa hakuna mwenye haraka. "Nitapitia kesho." "Zikae tu hapo, kwako salama." Yule wa mara nne kauliza kama kesho jioni ni sawa, au hata usiku.

Kwangu salama, labda, ila sisimizi hawajui tangazo. Nikapanga masanduku tisa katikati ya meza, nikachukua makopo manne ya maziwa, nikayatia maji na kuingiza kila mguu wa meza ndani ya kopo lake. Wifi akavaa buibui, akachukua biskuti tano zilizoungua kwa wanawe.

Mlangoni akageuka. "Kesho usinitegemee kuonja. Kesho nami nafunga."

Nikafikicha suji nusu kilo nyingine, ya nyumbani. Arki ya waridi nikapima kwa kijiko cha chai.