Mpwa wangu ni namba moja au namba mbili?

Dada yangu alinipigia simu Jumapili usiku kuniuliza jambo ambalo alidhani lina jibu fupi: katika mpira wa kikapu, mwanawe acheze namba moja, yaani gadi (mchezaji wa mbali na ringi) anayepandisha mpira na kuchezesha wenzake, au namba mbili, gadi ambaye kazi yake kubwa ni kupiga mitupo? Kijana ana miaka 15 na urefu wa sentimita 170, na kocha wa timu yake ya vijana amekwisha kuamua kwamba, kwa kuwa ndiye mfupi kuliko wote kikosini, basi ndiye atakayepandisha mpira. Nilimwomba dada anipe wiki tatu nikamtazame mwenyewe kabla ya kusema neno.

Nikiri mapema kwamba suala hili linagusa kidonda changu. Nilipoingia kidato cha kwanza nilikuwa na sentimita 178, nikiwapita wenzangu wote kwa kichwa kizima, na mwalimu wa michezo akaniweka chini ya ringi siku ya kwanza bila hata kuniona nikidunda mpira. Kwa miaka minne nilicheza senta, nikazoea kuupa ringi mgongo, kugombea ribaundi, yaani mipira iliyokosa kikapu, na kumrudishia gadi mpira kila nilipoupata mbali na kikapu. Leo hii bado nina sentimita 178. Wenzangu walirefuka, mimi nikabaki palepale, na kimo changu kilipokuwa kimo cha gadi sikuwa na mkono hata mmoja wa kupandishia mpira mbele ya mtu anayenikaba. Ndiyo maana nikisikia mtoto amepangiwa nafasi kwa kupimwa urefu tu, siwezi kunyamaza. Isitoshe, mpwa wangu anavaa viatu namba 44, na mama yake, ambaye ni mrefu kuliko mimi, analalamika kwamba jozi aliyomchagulia soko la Karume miezi michache iliyopita imekwisha kumbana. Mtoto mwenye mguu wa namna hiyo bado ana safari ya kurefuka.

Nilimfuata kwenye mechi nne, mbili kati yake zikichezwa viwanja vya JMK, Kidongo Chekundu, nikiwa na daftari dogo ambalo sikuandika humo pointi zake hata mara moja. Nilichoandika ni mahali alipokuwa amesimama kila alipopoteza mpira, na alikuwa anatazama wapi.

Watu wengi hudhani kazi ya namba moja ni kudunda mpira vizuri, na kwa kipimo hicho mpwa wangu angefaulu bila mjadala. Katika mechi ya pili wapinzani walikaba uwanja mzima, akawapita wawili kwa mkono wa kushoto, akavuka nusu ya uwanja akiwa na muda wa kutosha ndani ya zile sekunde 8 zinazoruhusiwa, na watu waliokaa pembeni wakamshangilia. Kisha, hatua mbili tu baada ya kuvuka, akiwa ameegemea mstari wa pembeni, akaushika mpira kwa mikono miwili. Hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote uwanjani, kwa sababu mstari wa pembeni unamkaba upande mmoja, mstari wa kati unamkaba nyuma maana haruhusiwi kuurudisha mpira huko, na wapinzani wanahitaji watu wawili tu kuziba upande uliobaki. Mwenzake alikuwa peke yake kwenye kona ya mbali, mikono juu. Nilipomuuliza baadaye kama alimwona, alinijibu, “Nilimwona, mjomba, ila nilikuwa nimeshaushika.” Kati ya mipira 11 aliyopoteza akicheza namba moja, 7 ilipotea hivyohivyo, baada ya kazi ngumu kuisha.

Jibu lake lilinifurahisha kuliko pasi ambayo angeitoa. Mtoto asiyeona kabisa ni vigumu kumfanya namba moja, lakini anayeona akiwa amechelewa sekunde moja anafundishika, mradi usimfundishe kwa kumkaripia mbele ya watu kila Jumamosi.

Mechi ya tatu gadi mwenzake alichelewa daladala kutoka Mbagala na kuingia robo ya pili, na ndipo nilipomwona kijana akihamishiwa namba mbili. Alibadilika mwili mzima. Alikuwa akimkokota mkabaji wake hadi kwenye skrini, yaani pale mwenzake aliposimama kumzibia mkabaji njia, na kupita bega lake likigusa nyonga ya mwenzake, pasipo hata upenyo wa kupitisha karatasi, na mpira ulipomfikia miguu yake ilikuwa imekwisha kuelekea ringi. Aliyemkaba akiruka, anadunda mara moja na kuingia ndani; asiporuka, anapiga. Hakuna aliyemfundisha hayo, nami nilikuwa natazama jambo ambalo gadi wengi wa umri wake hawalijui, yaani kucheza bila mpira.

Hoja ya kocha si ya kupuuza. Anasema namba mbili wa timu pinzani wanafika sentimita 185 na watampigia juu ya kichwa, na kweli katika mechi hiyo alipelekwa chini ya ringi akafungwa mara mbili kama mtoto wa chekechea. Lakini hakuna sheria inayosema anayekukaba ndiye lazima umkabe. Timu ikishambulia anaweza kuwa namba mbili, na ikikaba akamfuata namba moja wao, kwa sababu miguu ya kazi hiyo anayo.

Wala nafasi si ndoa. Mwaka 2009, katika uteuzi uleule wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ambao Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, Stephen Curry alichaguliwa wa saba na Golden State Warriors. Curry huyo alicheza namba mbili miaka yake miwili ya kwanza chuoni Davidson, na wa tatu ndipo akakabidhiwa kazi ya kuchezesha timu. Allen Iverson alikwenda njia ya kinyume: aliingia NBA akiwa namba moja, kocha Larry Brown akamhamishia namba mbili kule Philadelphia huku Eric Snow akipandisha mpira, na mwaka 2001 akawa mchezaji bora wa ligi akiwa na sentimita 183 tu.

Kwa hiyo nilimwambia dada kwamba msimu huu mwanawe acheze mechi akiwa namba mbili na afanye mazoezi akiwa namba moja. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama jezi itabidi ibadilishwe.

Aliyenikosoa vizuri ni kijana mwenyewe. “Mjomba, nikiwa namba mbili hawanipi mpira.” Sikuwa nimeliwaza hilo, na ana haki, kwani katika timu za vijana anayepandisha mpira mara nyingi huudunda mpaka sekunde 24 za shambulizi zinakaribia kwisha, na mpiga mitupo mzuri anaishia kukimbia kona hadi kona bure. Nilirudi kwa kocha baada ya mazoezi, nikamwamkia, nikamwomba mambo mawili: kijana akinyakua ribaundi aupandishe mwenyewe bila kumtafuta mtu, na kila robo yawepo mashambulizi machache yanayoanzia kwenye skrini yake. Kocha alikubali kujaribu kwa mechi tatu, si zaidi.

Sisi wawili tunafanya letu jioni, kwenye uwanja wa saruji ulio karibu na kwao Tabata. Mdogo wake anamkaba, mimi nasimama kona ya mbali nikiinua vidole, naye lazima ataje idadi kwa sauti kabla hajavuka mstari wa kati, mpira ukiwa bado unadunda. Jumanne alitaja vinne, na vilikuwa vinne kweli, ila mpira ulikuwa umekwisha kuingia mtaroni.